Jina Langu Lifutwe Katika Orodha ya Watu wa Soli

Somoe binti Lipande,
Kijiji cha Mnengula,
Njia ya Mpapura.
Jumatatu, 12 Novemba 1973.

Kwa Ndugu Katibu Kata,

Ndugu Josephu, salamu za heshima zikufikie hapo ofisini, wewe na kiti chako. Mimi si mzima sana, goti la kushoto linanisumbua, lakini si goti lililonishikisha kalamu. Barua hii naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Madarasa ya watu wazima nimekwenda miaka miwili, na mwalimu alikuwa akituambia kila siku kwamba anayejua kusoma hadhulumiwi. Uongo mtupu. Mimi nimedhulumiwa kwa sababu najua kusoma. Nisingejua, ningepita mbele ya mlango wa ofisi yako Jumamosi iliyopita, nikaona karatasi, nikaendelea na safari yangu ya kisimani.

Karatasi hiyo unaijua, maana ina muhuri wako. Juu imeandikwa WATU WA SOLI. Chini yake yako majina kumi na mawili, na kando imebandikwa taarifa ya karani wako. Kumi na moja ni ya vijana ambao bado wanatafuta ndevu kwa kioo. La kwanza kabisa, namba moja, ni hili: Somoe binti Lipande, Mwenyekiti. Halafu mwisho imeandikwa kwamba wote waliotajwa wafike mbele ya kamati ya kijiji Jumamosi hii inayokuja, saa nne asubuhi, wanyolewe vichwa mbele ya watu, gramafoni yao ichukuliwe, na kikundi chao kivunjwe.

Ndugu Josephu, mimi nimezaa saba nikazika wanne. Nimewacheza unyago mabinti wa vijiji vitatu, na mama yake mwenyekiti wa kamati yako ni mmoja wao, namjua alivyolia. Leo niketishwe juu ya kigoda nipitishwe wembe kichwani pamoja na Abdallah, mtoto wa juzi? Ombi langu ni moja tu: jina langu lifutwe kabla ya Jumamosi. Sababu zangu nazipanga kwa namba kama tulivyofundishwa, ili karani wako asipotee njia.

1. Aliyenitaja alikuwa anatania.

Siku ile karani wako, Ndugu Elia, alipopita nyumba kwa nyumba na daftari, alitukuta barazani kwa Martha, mjane wa mpishi wa misheni, tunabangua korosho. Tulikuwa watatu: mwenye baraza, mimi, na Sharifa. Sharifa ni Myao, mimi Mmakonde. Ni mtani wangu tangu kwa mababu, na ni rafiki yangu tangu tuna meno yote. Elia akauliza, "Mama zangu, mkubwa wa hawa Watu wa Soli ni nani?" Sharifa hakuacha hata kubangua. Akasema, "Unauliza nyani na ngedere wamekaa mbele yako? Mwenyekiti si huyu hapa, Somoe? Mtazame bega hilo, halitulii." Martha naye, mtu wa kanisani kila Jumapili, akadakia, "Na viatu vyake virefu kavificha uvunguni." Tukacheka mpaka korosho zikamwagika mchangani. Elia hakucheka. Aliandika.

Karani wako katoka bara, na sijui huko kwao watu wanataniana au wanaandikiana barua tu. Huku kwetu neno la mtani haliandikwi. Huyo Sharifa, mbele ya maiti ya mume wangu, alisema marehemu kafa kwa kukimbia mapishi yangu. Liliandikwa wapi? Amekwisha nitangaza mwizi wa kuku, mchawi, na hawara ya mkoloni aliyekuja kupima barabara. Kama maneno ya mtani ni ushahidi, basi Wamakonde na Wayao tufungwe wote, na funguo za gereza mtafute mtu wa kumwachia, maana nje hatabaki mtu.

2. Mimi nilidhani soli ni soli.

Elia ameandika kwamba nilionekana kwenye mkutano wao Jumapili ya kwanza. Nilionekana, sikatai, mimi si sindano. Lakini sikiliza. Nilikuwa namwona Abdallah anakata tairi la lori vipande vipande na kuvigongomea chini ya makubadhi yake, tabaka tatu, mpaka akiyavaa unadhani mtu kapanda juu ya kinu. Kisha nikasikia wako vijana wanajiita Watu wa Soli, wanakutana Jumapili baada ya sala ya alasiri kwenye uwanja wa kuanikia korosho. Mtu mwenye akili zake ataelewa nini? Nikachukua makubadhi yangu yaliyotoboka, nikayafunga kwenye kitambaa, nikaenda.

Nikawakuta wanatikisika kama watu waliokanyaga siafu. Nikawaambia, "Mkishapoa, nitieni soli hapa." Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Ndipo akaja Salumu, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, yule aliyekuwa kuli bandarini Mtwara akarudi na gramafoni ya mkoba na santuri sita badala ya mke. Akanambia, "Bibi, soli hii si ya kiatu. Ni muziki wa watu weusi wa Marekani. Ni neno lao, maana yake roho."

Roho! Roho za watu nazijua mimi, nimekaa karibu nazo zikitoka. Haijatoka hata moja imevaa suruali pana.

Makubadhi yangu Abdallah aliyatia soli siku hiyohiyo, na amekaza vizuri, ila yamepanda kidogo. Kwa hiyo yale maneno ya Martha kuhusu viatu virefu yatazamwe kwa jicho hilo.

3. Nilikwenda msibani.

Jumapili ya pili nilikuwa nyumbani nasafisha ming'oko, mizizi niliyochimba porini. Upepo ukageuka, nikasikia mwanamume analia kutoka uwanjani. Wala hakuwa analia kama mtu aliyeumwa jino. Kilikuwa kilio cha mtu aliyefiwa na mama wawili siku moja: sauti inapanda, inakatika, inaomba, halafu wanawake nyuma yake wanamwitikia. Moyo wangu ukasema, Salumu amekufa. Tangu azaliwe namtazamia mabaya, na kule uwanjani ndiko alikokuwa.

Nikajifunga kanga, nikajitwika unga wa muhogo kwenye ungo, nikapiga yowe njia nzima. Martha akatoka kwake na kuni. Sharifa, kwa kuwa ndiye mtani na msiba ni wangu, alitangulia kufanya kazi yake ya kumwigiza marehemu. Alijifunga kitambaa kichwani kikavimba kama nywele za Salumu, akaangusha bega moja kama anavyotembea Salumu, akaingia uwanjani akilia, "Nimekufa mimi Salumu, nani sasa atalala mpaka jua la saa tano?" Akakutana uso kwa uso na Salumu mwenyewe, santuri mkononi. Wakatazamana. Sharifa ni Myao, hawezi kurudi nyuma. Akamwambia, "Umekufa vibaya. Rudi ukalale tukuoshe."

Aliyekuwa analia alikuwa ndani ya gramafoni.

Tangu siku hiyo sina raha. Nikienda kisimani: "Bibi Somoe, leo kafa nani?" Nikienda kununua chumvi: "Bibi, unga wa matanga umekwisha?" Na wanaoanza siku zote ni hao wawili niliokwenda nao, kana kwamba wao walikwenda kuchuma mboga. Nayaeleza haya ili ujue kwamba adhabu nimekwisha ipata, tena ya miezi, na wembe wako ni wa pili.

Karani wako msiba huo ameuandikaje? Ameandika: "Mwenyekiti alileta mchango wa unga kwa ajili ya chakula cha wanachama." Unga waliupika, kweli, wakala. Nilishauteremsha kichwani, ningeurudisha na goti hili?

4. Kanga yangu.

Jumapili ya tatu nilikwenda kudai mali yangu. Watoto hawa suruali pana za mjini hawana, kwa hiyo wanazipasua za kawaida kwenye mshono kuanzia gotini, halafu wanatia kipande cha kitambaa kama pembe, suruali inachanua chini. Salumu alitia kanga yangu. Tena ile mpya ya Idi. Tena alikata palepale penye jina. Mguu wa kushoto umeandikwa MDHANIAYE NDIYE. Mguu wa kulia umeandikwa KUMBE SIYE.

Akisimama wima unasoma bila shida. Akianza kucheza, maneno yanapishana: kumbe ndiye, mdhaniaye siye, siye ndiye. Nilikaa pale nikingoja atulie nisome niseme nilichojia. Hakutulia mpaka magharibi. Elia ameandika: "Alikuwa akitazama miguu ya wachezaji kwa bidii." Nilikuwa nasoma, Ndugu Josephu! Serikali imenifundisha kusoma, imenipa mpaka kitabu, halafu nikisoma serikali inanipeleka kwa kinyozi.

5. Nilikwenda kuwakataza.

Jumapili ya nne nilikwenda kuwakataza, na kwa kuwa mimi si mtu wa kuonea, nikasema kwanza nisikilize ninachokikataza. Santuri ni sita, kila moja ina pande mbili. Ukisikiliza pande kumi na moja ukakataza, mtu atakuuliza, na ile ya kumi na mbili? Hilo lilichukua Jumapili mbili.

Ndani ya siku hizo nikaona aibu ya pili. Hawajui kupiga makofi. Wanapiga kama watu wanaofukuza ndege mpungani. Mimi nimeongoza nyimbo za unyago tangu wewe hujazaliwa, na kofi likiangukia pasipo pake linaniuma kuliko goti. Nikawaonyesha. Nikawaambia pia, yule mwanamume wenu anapokatisha sauti msimjazie upesi kama kuku waliomwagiwa pumba. Mwacheni peke yake kidogo, aone upweke. Halafu ndiyo mumwitikie, kwa chini, apate pa kuegemea.

Maneno anayosema siyajui. Kulia kwake nakujua.

Lakini kusahihisha si kujiunga. Mwalimu akitia alama nyekundu kwenye daftari la mtoto, amekosea yeye? Na kama walipofanya nilivyosema mambo yakawa mazuri, mpaka Sharifa akaacha kucheka akafuta jicho akisingizia moshi, hilo ni kosa la makofi.

6. Habari ya Mreno.

Elia ameandika kwamba ile gramafoni huenda ni chombo cha kupelekea habari kwa Mreno ng'ambo ya Ruvuma. Ndugu Josephu, gramafoni ile haisikiki hata kwa Martha kama upepo unatoka mashariki, itasikika Msumbiji? Na habari gani? Kwamba korosho za mwaka huu zina madoa? Kama Mreno kakaa huko na bunduki yake anangojea taarifa kutoka kwa Abdallah, basi vita amekwisha shindwa, mwambieni aende kwao.

Na umjue huyo Abdallah mnayemtuhumu. Yeye ndiye aliyemkimbia Mreno. Alivuka mto kule Kitaya akiwa peke yake, miaka mitatu sasa, hana mama hapa, hana mjomba, hana wa ukoo. Anakaa kwa mtu anayemhesabia tonge. Nimepita njiani mara nyingi nikasikia watu wazima wanamwita Mkimbizi, kana kwamba ndilo jina alilopewa kwenye arobaini. Watu wa Soli wanamwita Fundi. Akichelewa hawawashi gramafoni mpaka afike. Hilo ndilo jambo jema moja nililoliona pale, nalo nililiona kwa bahati mbaya, nikiwa nimekwenda kwa ubaya.

7. Ndonya yangu.

Hapa nimekasirika, utaniwia radhi mwandiko. Nilipokwenda mlangoni kwako kumuuliza Elia kwa nini kaniandika, alinitazama mdomo, akamwambia mwenzake, "Hata huyu kikongwe mwone, na hilo dude mdomoni. Wapenda mapambo ni walewale." Alidhani sisikii. Ndonya iko kwenye mdomo, haiko kwenye sikio.

Mwambie karani wako kwamba mimi nilitobolewa mdomo nikiwa mtoto wa miaka kumi, kwa mwiba, nikanyamaza. Walionishika mikono walikuwa shangazi zangu, na nilipoinuka nilikuwa mtu wao. Asiyekuwa nayo hakuitwa mahali, hakuhesabiwa. Baadaye akaja mzungu wa misheni akasema ni ushenzi. Akaja bwana shauri akatupiga picha kama sisi pundamilia. Ulipokuja uhuru nikasema sasa tutapumua, akaja kijana mwenye faili akasema tuvue, tunaliaibisha taifa mbele ya wageni. Nimewazika wote hao au wamehamishwa, na ndonya yangu ipo. Kila anayekuja na wembe, koleo au faili anasema lilelile: vueni, mfanane na sisi. Na ukimtazama, yeye mwenyewe hajui anafanana na nani.

Usije ukanielewa vibaya. Sisemi wale watoto wanafanana na sisi. Sisi tulitobolewa tukatoka damu; wao wamevaa tu, jioni wanavua. Wao ni Watu wa Soli, mimi ni mtu. Nasema tu kwamba Elia hana haki ya kucheka kitu asichokiuliza.

8. Nywele.

Amri inasema nywele zinazosimama zinyolewe. Zangu zinasimama. Sikuzisimamisha mimi, zilisimama zenyewe baada ya homa ya mwaka wa njaa, ndiyo maana navaa ushungi. Kama nywele kusimama ni siasa, njooni na wembe wa kutosha, maana hapa Mnengula yuko mwalimu wa madrasa, yuko mke wa balozi wa nyumba kumi, na wewe mwenyewe Ndugu Josephu, nilikuona ukishuka kwenye baiskeli siku ya upepo.

Basi hizo ndizo sababu zangu. Kwa heshima yote naomba haya yafuatayo.

Kwanza, jina langu lifutwe. Lisikatwe mstari, maana mstari unaacha jina linasomeka. Likwanguliwe.

Pili, nipewe cheti chenye muhuri, kiandikwe kwa herufi kubwa HUYU SI MTU WA SOLI, nikivae shingoni niendapo kisimani. Kitobolewe tundu kabisa huko ofisini, mimi sina msumari.

Tatu, Sharifa na Martha waitwe mbele ya kamati waonywe wasicheke. Kama kamati itashindwa kuwazuia, na najua itashindwa, basi itoe amri kwamba kijiji kizima kicheke pamoja siku moja, tuseme Jumatano, tumalize, Alhamisi watu waende shambani.

Nne, Elia afundishwe utani. Nipo tayari kumfundisha mwenyewe bila malipo. Nitaanza na kofia yake.

Tano, kama hayo manne yatashindikana, basi orodha iwe kamili. Aliyepita uwanjani akasimama, aandikwe. Aliyetikisa kichwa akiwa njiani kwenda dukani, aandikwe. Mwenyekiti wa kamati yako, Jumapili ya tano, alisimama nyuma ya mkorosho akipiga mguu chini. Nilimwona, nikadhani ameumwa na siafu, akaendelea upande mzima wa santuri. Hakuna siafu anayeuma kwa mapigo. Aandikwe, anyolewe. Na mwisho wa kunyoa tutazame nani kabaki na nywele, huyo ndiye atuambie kosa letu ni nini.

Naishia hapa kwa kuwa karatasi ina mwisho, maneno hayana. Nisalimie mama watoto, mwambie ule muhogo aliouomba uko tayari aje na mtu wa kumbebea. Nisalimie wajumbe wa kamati, hasa yule mwenye siafu. Nisalimie mwalimu wa kisomo kama atapita hapo, asione makosa yangu ya nukta. Na huyo Elia nisalimie pia, nusu.

Mimi ambaye si Mtu wa Soli, sikuwa na wala sitakuwa,

Somoe binti Lipande.

Nyongeza.

Ndugu Josephu, bahasha nilikwisha ifunga kwa uji wa muhogo, nimeichana tena, ndiyo maana unaiona imechoka.

Sharifa amekuja sasa hivi, hata hakupiga hodi. Anasema usiku haukumpa raha, kwa hiyo asubuhi alikwenda mwenyewe ofisini akamwambia Elia, "Mwanangu, yale yalikuwa utani, mtoe Somoe." Elia akatabasamu, akafuta. Akasema, "Nilijua tu. Bibi kizee yule atajua nini habari za muziki?"

Hayo tuyaache, ingawa sitayaacha.

Kisha akamuuliza Sharifa, mtu mzima wa kikundi hiki basi ni nani? Kwa maana kikundi chenye mtu mzima wa kukijibia kinaingia kwenye faili kama kikundi cha ngoma, hakinyolewi wala hakivunjwi. Wasio na mtu mzima ni genge, na genge mwisho wake Jumamosi. Sharifa akasema hakuna. Elia akaandika: hakuna.

Sharifa alipofika hapo hakutania. Alisema, "Na Abdallah akivunjiwa hapo, atakwenda kwa nani?" Mimi nikaendelea kumenya muhogo. Nilimenya mmoja tu, kisha nikachukua kalamu.

Yote niliyoyaandika huko juu ni kweli tupu. Usiyasome. Kama umekwisha yasoma, yasahau, isipokuwa yale ya Elia.

Jina langu lirudishwe. Juu, namba moja, na safari hii liandikwe kwa wino, si kalamu ya risasi. Sharifa aandikwe mjumbe, chini yangu, si juu. Martha yuko njiani anakuja. Na yeye mtie, atakuwa mtunza santuri, maana ana sanduku la misheni lenye kufuli.

Jumamosi saa nne tutafika bila kuchelewa. Vinyozi waambie walale. Na karani wako akiuliza tena wale watoto ni wa nani, asitafute kwenye daftari. Wana mwenyewe. Amuulize.

Somoe binti Lipande,
Mwenyekiti.